Shuka la kitanda cha mtoto linachomoka kila usiku: lishikizweje bila hatari?

Swali: "Shikamoo muuguzi. Mwanangu ana miezi mitano na ameanza kujigeuza. Tulimchongeshea kitanda chenye fito kwa seremala hapa Morogoro, na godoro lake ni la sponji tulilolikata kutoka kwenye godoro letu la zamani. Kila asubuhi nakuta shuka limechomoka pembe moja au mbili, na juzi nilimkuta amelivuta mpaka shavuni. Mama mkwe anasema nilibane kwa pini za nepi. Jirani ananishauri ninunue vibanio vyenye mikanda ya lastiki inayopita chini ya godoro. Kipi kati ya hivyo ni salama?"

Marahaba, mama. Kati ya hivyo viwili, hakuna hata kimoja ninachoweza kukushauri. Shuka la mtoto mchanga linapaswa kushikwa na mshono wake lenyewe: likatwe kwa vipimo vya godoro lile lile analolalia, literemke ubavuni, lipinde chini ya godoro na likazwe huko kwa lastiki iliyofichwa ndani ya upindo. Shuka likihitaji kitu kingine cha kulibana, maana yake shuka na godoro havilingani, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Nianze na usiku wa leo, kwa kuwa fundi hatakuwa amemaliza kazi kabla mtoto hajalala. Ondoa shuka hilo kabisa. Ikiwa godoro lina kava yake ya kitambaa yenye zipu, na kava hiyo imekaza bila mikunjo, mlaze mtoto juu yake vivyo hivyo. Akina mama wengi huona vibaya kumlaza mtoto kwenye godoro lisilotandikwa, lakini kava iliyokaza haimdhuru, ilhali shuka lililolegea laweza kumdhuru. Ikiwa sponji liko wazi, tafuta shuka la pamba la watu wazima, la kitanda cha futi 5 kwa 6, ulitandaze sakafuni na kuliweka godoro katikati. Vuta pande mbili ndefu za shuka mpaka zipandane, kunja ncha zilizobaki juu yake, kisha chukua sindano na uzi wenye nguvu upige bandi mkunjo wote, kwa mishono mifupi isiyozidi sentimita 2, na mwisho wa uzi uukate karibu na fundo. Ligeuze godoro ili mishono yote ikae chini, upande ambao mkono wa mtoto haufiki, na uzito wa godoro uikandamize. Ni kazi ya muda mfupi, na itakufaa mpaka shuka jipya liwe tayari, mradi kila siku uchungulie chini kuona kwamba hakuna uzi uliokatika.

Naomba usilichukue jambo hili kuwa la unadhifu wa kitanda tu. Mtoto wa miezi mitano hushika chochote kinachogusa kiganja chake na kukipeleka kinywani, lakini bado hana ustadi wa kukiachia kwa makusudi wala wa kujifunua uso unapofunikwa. Amekwisha kujua kujigeuza, kwa hiyo anaweza kulishika shuka lililolegea akiwa chali, akageuka nalo, likamzunguka kichwani au shingoni. Hata lisipomkaba, kitambaa kilichojikunja mbele ya pua na kinywa humfanya aivute tena hewa ile ile aliyoitoa, ambayo kila mara inakuwa na oksijeni pungufu, na mtoto wa umri huo hawezi kutegemewa kuamka na kujinasua. Hayo hutokea kimya kimya. Hatalia ili umsikie. Ulipomkuta shuka liko shavuni ulikuwa umefika kwa wakati, na umefanya vyema kuuliza.

Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, lenye shuka moja tu lililobana, bila mto, bila blanketi na bila kitu kingine chochote laini kitandani. Ushauri wa kutowalaza watoto kifudifudi ulitolewa huko mwaka 1992, ukafuatiwa na kampeni kubwa ya kuwalaza chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mashuka ya vitanda vya watoto yanayouzwa huko huandikwa onyo la kutolitumia shuka lisilolikaa godoro barabara. Ninayataja hayo ili mama mkwe wako naye ajue kwamba shuka limo katika ushauri wa madaktari sambamba na namna ya kumlaza mtoto.

Kuhusu pini, mweleze kwa upole. Kizazi chake kililea kwa nepi za kitambaa, na pini zile zilikuwa chombo cha kila siku mikononi mwa mama aliyekuwa akimbadilisha mtoto huku akimwangalia. Kitandani mambo ni tofauti, kwa sababu pini hukaa usiku kucha bila mtu wa kuitazama, kila mtoto anapojisukuma kitambaa huivuta, tundu lake hupanuka na kichwa chake huweza kufunguka. Ikifunguka una ncha kali karibu na uso wa mtoto, na ikidondoka una kitu kinachoingia kinywani. Jasho na mkojo navyo huifanya ishike kutu.

Vibanio vya jirani vimetengenezwa kwa ajili ya vitanda vya watu wazima, na huko sina neno navyo. Kwa mtoto kasoro yake ni mbili. Kwanza, kibanio chenyewe ni kidogo. Nchini Marekani, kitu kinachohesabiwa kuwa kidogo kiasi cha kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu ni kile kinachoenea ndani ya silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, na vibanio vidogo vya shuka huingia humo bila shida. Pili, mkanda wa lastiki uliovutwa ukiachia upande mmoja hurukia juu na kubaki ukining'inia, na kamba au mkanda wa aina yoyote haupaswi kuwa mahali ambapo mtoto mchanga anaufikia. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge pembe za shuka kwenye fito kwa tepe au kamba. Utepe wa gundi wa kubandikia nao huachia ukipata unyevu, na kipande kilichobanduka huishia kinywani.

Sasa tuliangalie godoro lenyewe, maana nina wasiwasi nalo kuliko shuka. Godoro lililokatwa nyumbani kwa kisu mara nyingi huwa na kingo zilizoinama, juu pana na chini pembamba, au kinyume chake, na shuka haliwezi kushika vizuri ubavu wa namna hiyo. Lisukume godoro mpaka liguse fito za upande mmoja, kisha pima nafasi iliyobaki upande wa pili. Vidole viwili vilivyolala pamoja vikiingia kwa kubana, ni sawa. Vikiingia kwa urahisi na kubaki nafasi, godoro ni dogo mno kwa kitanda hicho. Nafasi hiyo inatosha mtoto kutumbukiza uso, na tena ndiyo inayolifanya godoro litembee usiku na kuliburuta shuka. Usiizibe kwa kanga iliyoviringishwa wala kwa mto, kwa kuwa utakuwa umeondoa hatari moja na kuweka nyingine mahali pake.

Kisha libonyeze katikati kwa kiganja. Sponji ambalo watu wazima wamelilalia kwa miaka huwa limechoka, lina bonde mahali miili ilipokuwa ikilala, na kiganja kikiondoka hurudi polepole. Godoro la mtoto linapaswa kuwa gumu kiasi cha kumshangaza mtu mzima anayeligusa, lisiache alama ya kichwa cha mtoto anapoinuliwa. Kama lako limechoka, ninakusihi ununue kipande kipya cha sponji zito kabla hujashonesha shuka, la sivyo utashonesha mara mbili. Wauza magodoro wengi hukata kwa kipimo. Pima urefu na upana wa ndani wa kitanda, fito hadi fito, na uende na vipimo vyenyewe, kwa kuwa vitanda vya kuchongesha havifanani hata vinapotoka kwa seremala mmoja. Unene wa sentimita 10 unafaa. Godoro nene mno humpandisha mtoto karibu na ukingo wa juu wa fito, na baada ya miezi michache ataanza kusimama. Ukiwa na futi mkononi, pima pia nafasi kati ya fito na fito, isizidi sentimita 6.

Kwa mfano, tuseme godoro jipya ni la sentimita 120 kwa 60, na unene wa 10. Kitambaa kiwe cha pamba tupu, kilichofumwa kwa kubana na chenye uzito wa kati. Vitambaa vya poliesta vinavyoteleza havifai, kwanza kwa joto, pili kwa sababu havitulii juu ya sponji. Kabla fundi hajakigusa kwa mkasi, kifue kwa maji ya moto na kukianika mpaka kikauke kabisa, kwa kuwa pamba mpya ikifuliwa hurudi, na kurudi kwa asilimia 5 tu kwenye urefu wa sentimita 168 ni zaidi ya sentimita 8. Mashuka mengi yaliyokuwa yakienea dukani huanza kuchomoka baada ya kufuliwa mara ya kwanza au ya pili kwa sababu hiyo, na mama hudhani mtoto amekuwa mkorofi. Nunua mita 2 za kitambaa chenye upana wa sentimita 115. Kikisharudi, bado kitatosha, ingawa upana utakuwa umebaki wa kubana.

Hesabu ya fundi ni hii. Kwa urefu, chukua sentimita 120 za godoro, ongeza unene wa pande mbili yaani 20, ongeza 24 za kupinda chini, 12 kila upande, na 4 za upindo, upate 168. Kwa upana, 60 na 20 na 24 na 4, upate 108. Kila pembe ikatwe mraba wa sentimita 23, kisha kingo mbili za mkato zishonwe pamoja kwa kuacha sentimita 1 ya mshono. Fundi mzoefu atataka kukata 24 kwa kuwa ndiyo jumla ya unene, mkunjo na upindo, lakini mishono ikishachukua nafasi yake shuka litakuwa fupi kwa sentimita 2. Shuka fupi halifai sawa na shuka pana, kwa kuwa huzivuta pembe za sponji zikajikunja kwenda juu, zikaacha mwanya kati ya godoro na kitanda, na usiku pembe moja ikifyatuka, shuka zima hulegea. Mwambie tunataka shuka liwambike juu ya godoro bila kulipinda.

Lastiki izunguke upindo wote. Mashuka yenye lastiki kwenye pembe nne peke yake ndiyo yanayochomoka zaidi, kwa kuwa sehemu ya katikati ya ubavu mrefu haina kinachoishika. Upindo wa shuka hili una mzunguko wa sentimita 360, na lastiki ya upana wa kama sentimita 1 iliyokatwa sentimita 240 hivi, yaani theluthi mbili ya mzunguko, itakaza vya kutosha. Ncha zake mbili zipandane sentimita 3 na kushonwa mara kadhaa kwa cherehani, kisha tundu la kuingizia lastiki lizibwe kabisa. Sisitiza hilo la mwisho. Mafundi wengine huliacha tundu wazi ili lastiki ibadilishwe kwa urahisi, nayo ncha hujitokeza ikawa uzi wa kuchezea.

Akina mama wengi huniuliza kama kanga inaweza kutumika, kwa kuwa ipo nyumbani na ni laini. Kanga ya kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110. Kwa upana inatosha, lakini kwa urefu, ukitoa 120 za juu na 20 za unene, zinabaki sentimita 5 tu za kupinda kila upande, na mkunjo huo hauwezi kustahimili mtoto anayejigeuza. Kanga iliyotandikwa tu juu ya shuka, bila kushonwa, ndicho kitambaa kilicholegea kuliko vyote, na ninawaomba akina mama waache kuitandika hivyo, hata kama ni kwa ajili ya kunyonya mkojo.

Mkojo unanileta kwenye mpira. Ukiwa na mpira wa kuzuia maji kati ya godoro na shuka, huenda huo ndio unaolitelezesha shuka lako. Mpira uliotandikwa wazi huteleza juu ya sponji na shuka huteleza juu ya mpira. Uingize mpira ndani ya kava yenye zipu, ukiwa umezunguka sponji na kukazwa, ili kinachogusana na shuka kiwe kitambaa. Mifuko ya nailoni na plastiki nyepesi za kufungia godoro jipya usizitumie kwa namna yoyote, hata chini ya shuka, kwa kuwa zikichanika kipande chake hugandamana na uso wa mtoto.

Ikiwa hupati fundi unayemwamini kwa kazi ya lastiki, kuna shuka la mtindo wa foronya, na binafsi nalipenda sana. Kwa godoro hilo hilo, vipande viwili vya upana wa sentimita 73 vinashonwa pande mbili ndefu na ncha moja fupi, kwa kuacha sentimita 1.5 ya mshono, na kimoja kinaachwa kirefu zaidi kwa sentimita 30 ili kiwe ulimi. Godoro linaingizwa ndani kama mto, ulimi unakunjwa na kuingizwa chini upande wa miguuni. Halina lastiki ya kulegea wala pembe ya kufyatuka. Udhia wake ni kwamba godoro zima lazima litolewe kitandani kila unapobadilisha, na saa nane ya usiku hilo si jambo dogo.

Shuka likiwa tayari, usiliamini kwa kulitazama. Simama kando ya kitanda, pale anapolala mtoto, kamata kitambaa katikati kwa ngumi kama yeye anavyokamata, ukivute juu kwa nguvu, kisha fanya hivyo kwenye kila pembe. Halafu shika shuka kwa ubavu na ujaribu kuliinua godoro kwalo. Pembe ikichomoka kwa mkono wako, itachomoka kwa miguu yake, na shuka lirudi kwa fundi. Rudia jaribio hilo kila baada ya kufua.

Jambo moja hutokea asubuhi. Wengi wetu huchomeka chandarua chini ya godoro la mtoto, na ni sawa kabisa, kwa kuwa malaria haingoji. Lakini unapokichomoa kwa haraka unaburuta na upindo wa shuka, pembe inalegea kidogo bila wewe kuona, na mtoto akirudishwa kwa usingizi wa mchana anakuta kazi imeshaanzwa. Tandika shuka kwanza, chomeka chandarua baadaye kikiwa kimenyooka pasipo kumlalia mtoto, na wakati wa kukitoa, bana shuka kwa mkono mmoja na kuvuta chandarua kwa mwingine, kisha pitisha kiganja kwenye pembe zote nne.

Shonesha mashuka mawili au matatu kwa kipimo kimoja ili usije ukalazimika, siku moja la kwanza likiwa kambani, kutandika chochote kilicho karibu. Maji ya moto na jua kali huichosha lastiki, kwa hiyo anika shuka likiwa limegeuzwa ndani nje, kivulini ukiweza. Siku utakapoona upindo unarudi polepole ukiuvuta, mpe fundi aufungue na kutia lastiki mpya, na shuka hilo lisirudi kitandani kabla hajamaliza.